Ufundi wa Kujua cha Kuacha

Katikati ya pua ya kila mtu umesimama ukuta. Nyuma ni mfupa, mbele ni gegedu, na pande zote mbili umevikwa utando mwororo wenye damu nyingi. Gegedu hilo lina unene wa milimita chache tu, lakini ndilo linalobeba mgongo wa pua na ncha yake, na chini yake ndipo pua inapokutana na mdomo wa juu. Daktari anayeingia humo kuunyoosha ukuta uliopinda hufanya kazi yake yote kupitia tundu la pua, na hutakiwa atoke akiwa amefungua njia ya hewa huku uso wa mwenyewe ukibaki uso wake. Miongoni mwa kazi za mikono ninazozistahi, hii naiweka mbele, kwa sababu fundi wake hupimwa kwa kile alichokiacha kuliko alichokiondoa.

Watu wengi wana ukuta uliopinda kidogo bila kujua, na wala hauwasumbui. Wako waliozaliwa nao. Wako ambao ulipinda wakikua, kwa kuwa gegedu hukua kwa kasi yake na mifupa inayolizunguka kwa kasi nyingine. Na wako waliopigwa, ambao Mombasa bara hawakosekani: kijana aliyekula kiwiko akicheza mpira uwanja wa Bomu kule Changamwe, mwendesha boda aliyerushwa juu ya usukani barabara ya Magongo, mtoto wa Mtongwe aliyeanguka kifudifudi, akatokwa na muhina, akaoshwa uso, na mambo yakaishia hapo. Miaka inapita. Tundu moja la pua halipitishi hewa. Mtu analala kinywa wazi, anaamka alfajiri koo limemkauka, na anakoroma mpaka mwenzake anahamia sebuleni. Jirani humwambia ana nyama za puani. Duka la dawa humuuzia matone ya kuzibua pua, naye huyatumia mwezi baada ya mwezi, ilhali matone hayo yakitumiwa zaidi ya siku 5 hadi 7 huanza yenyewe kuiziba pua.

Safari ya matibabu huanzia karibu na nyumbani, kwa mfano hospitali ya Likoni au ya Port Reitz. Anayehitaji bingwa wa masikio, pua na koo huvuka kwenda kisiwani, iliko Coast General, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani: wa Likoni kwa feri, wa Kisauni kwa daraja la Nyali, wa Changamwe kupitia Makupa. Wenye uwezo huenda hospitali za binafsi. Popote atakapofika, ufundi ninaousifu hapa huanzia kwenye kiti cha uchunguzi, kabla kisu hakijashikwa.

Daktari mzuri huanza kwa kusikiliza. Mwaka 1895 daktari Mjerumani aitwaye Richard Kayser alieleza kwamba pua ya mtu mwenye afya hufanya kazi kwa zamu: upande mmoja huvimba ndani kidogo huku mwingine ukifunguka, kisha baada ya saa chache pande hizo hubadilishana. Kwa hiyo anayesema leo kumeziba kulia na kesho kushoto, huenda ukuta wake hauna kosa, na tatizo ni vumbi, mzio, au yale matone ya dukani. Anayesema upande ni ule ule mmoja, mchana na usiku, kaskazi na kusi, huyo ndiye wa kumulikwa. Daktari hupanua tundu la pua kwa kifaa cha chuma, huelekeza taa ndani, na hutazama ukuta umepindia wapi: mbele kabisa, katikati, au chini ulikopandia mfupa. Kisha humwekea kidole shavuni kando ya pua, akaivuta ngozi kuelekea sikioni, akamwambia apumue. Hewa ikipita ghafla kwa wepesi, huenda shida iko kwenye ule mlango mwembamba ulio karibu na mbele ya pua, na kuunyoosha ukuta ulio nyuma yake peke yake hakutamfaa mgonjwa.

Halafu humwomba jambo ambalo mgonjwa hakulitarajia: atabasamu. Humtazama kwa mbele, kisha kwa ubavuni. Ncha ya pua inashuka anapocheka? Mdomo wa juu unapanda kiasi gani, na meno yanaonekana mangapi? Ukingo wa ukuta umetokeza kwenye tundu moja? Daktari makini hupiga picha za hali zote hizo na kuziweka kwenye faili, kwa sababu baada ya upasuaji mgonjwa ataanza kuutazama uso wake kuliko alivyowahi kuutazama maishani, na mambo yaliyokuwepo tangu zamani atayaona mapya.

Uchunguzi huo una uzito wa pekee kwetu, maana Mombasa bara haina pua ya aina moja. Katika foleni moja ya kliniki utamkuta Mdigo wa Likoni, Mgiriama wa Kisauni, Mkamba na Mluo waliokulia Changamwe, na mtu ambaye babu yake alitoka Hadhramaut au Gujarat. Vipimo vingi vya vitabu vya zamani vya upasuaji huu vilichukuliwa kwenye nyuso za Kizungu. Pua nyingi za Kiafrika zina ngozi nene zaidi kwenye ncha, gegedu dogo zaidi ndani, na kile kijifupa kilicho chini ya pua, kinachoushika ukuta kwa mbele, hakichomozi sana. Maana yake ni mbili. Gegedu likiwa dogo, cha kuondoa ni kidogo zaidi na kosa huonekana upesi. Ngozi ikiwa nene, uvimbe wa ncha huchelewa kuisha. Daktari anayefanya kazi Pwani anapaswa kuijua pua iliyo mbele yake kuliko ile ya kitabuni.

Siku ya kazi ikifika, mgonjwa amefunga kula, na mwanamke mwenye kipini amekivua. Mtaalamu wa ganzi humlaza kwa dawa ya usingizi, huiangalia presha isipande, kwa kuwa damu kidogo tu puani humficha daktari kila kitu. Kooni huwekwa shashi ya kuzuia damu isishuke, na muuguzi wa thieta huihesabu pamoja na vifaa vyote, kisha huihesabu tena mwisho. Kichwa huinuliwa kidogo. Macho hufunikwa. Daktari huchoma sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini, na hapa ufundi wa mkono huanza kuonekana. Dawa ikimwagwa juu juu haifanyi kazi yake. Inatakiwa iingie chini ya utando unaoambatana na gegedu lenyewe, na ikiingia mahali pake utando hugeuka mweupe na kuanza kujitenga wenyewe. Baada ya hapo daktari husubiri dakika kadhaa bila kugusa kitu, mpaka mishipa midogo ya damu ijikunje. Fundi mwenye haraka huanza mapema, na dakika alizookoa huzilipa kwa kufuta damu muda wote uliobaki.

Mkato wenyewe ni mfupi, na uko ndani ya pua, kwa hiyo nje hakuna kovu. Kwa watu wetu, ambao wengi wanahofia makovu yanayofura, hilo si jambo dogo. Kinachofuata ndicho sehemu ninayoipenda kuliko zote. Daktari hutafuta tabaka sahihi. Kati ya utando na gegedu kuna safu nyembamba sana, na mkono uliozoea huihisi: kifaa bapa chenye ukingo butu kikigusa gegedu tupu hukwaruza kidogo, na gegedu hilo huonekana jeupe lenye rangi ya buluu kwa mbali. Akiwa juu ya safu hiyo, utando huchanika. Akiwa ndani yake, utando huinuka mzima kwa wepesi wa kushangaza, kuanzia mbele mpaka kwenye mfupa wa nyuma. Chini, gegedu linapokalia mfupa wa taya, nyuzi za tabaka mbili hupishana, na hapo utando hung'ang'ania. Huko ndiko kunakochanika kwa mikono isiyokuwa na subira. Utando ukichanika upande mmoja hupona. Ukichanika pande zote mbili mahali palipoelekeana, ukuta hubaki na tundu la kudumu, na mwenye pua hupiga mluzi kila anapovuta pumzi.

Ukuta ukishavuliwa, swali ni moja: kitoke nini, kibaki nini? Jibu lake halikupatikana kirahisi. Katika karne ya 19 wapo madaktari waliokata gegedu pamoja na utando wake, na wagonjwa wao wakabaki na matundu. Mwaka 1902 Otto Freer wa Chicago, na mwaka 1904 Gustav Killian wa Freiburg, walieleza namna ya kuinua utando kwanza, kulitoa gegedu lililopinda, kisha kuurudisha utando mahali pake. Hatua ilikuwa kubwa, na majina yao yangali yanatajwa thieta kila siku, kwa kuwa vifaa na mikato bado huitwa kwa majina hayo. Lakini gegedu lililotolewa lilikuwa jingi. Baada ya miezi au miaka, baadhi ya pua zilianza kubonyea mgongoni, ncha ikashuka, na ngozi iliyo kati ya matundu mawili ikarudi ndani.

Anayeijua nyumba ya makuti ataelewa kwa nini. Fito za katikati ya ukuta unaweza kuzing'oa kadhaa, na nyumba ikasimama. Ukigusa mwamba wa paa au nguzo ya mbele, paa linalala, na hakuna chokaa ya nje itakayoficha. Pua nayo ina mwamba wake, ambao ni ukanda wa gegedu unaopita chini ya mgongo wa pua, na ina nguzo yake, ambayo ni ukanda unaoshuka mbele mpaka kwenye kijifupa cha juu ya mdomo. Mafundi wa leo huachia kila ukanda upana wa sentimita 1 au zaidi, na pale gegedu la mgongoni linaposhikana na mfupa hupachunga kwa hofu ya heshima. Kila wanachokitoa hukitoa katikati na nyuma.

Lakini vipi kama kilichopinda ni nguzo yenyewe? Kuikata ni kuiangusha pua. Mwaka 1929 Myron Metzenbaum wa Cleveland alieleza namna ya kuulegeza ukingo wa mbele na kuuzungusha urudi katikati badala ya kuukata. Baadaye Maurice Cottle, naye akiwa Chicago, alifundisha kizazi kizima cha madaktari kuitazama pua kuwa kiungo kimoja, ndani na nje, na mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha njia ya kuufikia ukuta kuanzia chini, kwenye mfupa, ili gegedu lihamishwe na kukalishwa upya pasipo kutupwa. Mwaka huo huo wa 1958, Thomas Gibson na W. B. Davis walieleza tabia ya ajabu ya gegedu: ndani yake mna nguvu zinazovutana kwa usawa, na ukilikwaruza upande mmoja, hujipinda kuelekea upande mwingine. Fundi anayelijua hilo anaweza kulinyoosha gegedu kwa mikwaruzo michache iliyokaa mahali pake, bila kuondoa hata kipande. Likikataa kunyooka, hukata kipande kidogo chini, akalilegeza lilipokuwa limebanwa, au akalitia kipande kilichonyooka ubavuni likaegemee. Kipande kilichotolewa nyuma husawazishwa na mara nyingi hurudishwa kati ya tando mbili, ili ukuta usibaki utando mtupu.

Mfupa una adabu yake. Chomozo la chini huondolewa kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mapigo mafupi. Mfupa wa juu hukatwa, haupindwi wala kutikiswa, kwa kuwa umeshikana na sakafu ya fuvu, na mtikiso mmoja unaweza kupasua mahali ambapo juu yake kuna ubongo. Kazi yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo mkono wa daktari hausogei zaidi ya sentimita moja au mbili kwa mara moja.

Sasa tufike kwenye tabasamu, ambalo huwatia wagonjwa wasiwasi kuliko pua yenyewe. Kati ya matundu mawili ya pua kuna msuli mdogo wa kushusha ncha. Huanzia kwenye mfupa wa taya la juu, juu ya meno ya mbele, na kupanda hadi chini ya ukuta wa pua. Mtu anapocheka, msuli huo huivuta ncha chini, na mdomo wa juu ukaonekana mfupi zaidi. Mwaka 2000 Rod Rohrich na wenzake wa Dallas waliugawa katika aina 3: kuna watu ambao kwao umesukana na msuli unaouzunguka mdomo, kuna ambao kwao umejishika kwenye mfupa tu, na kuna ambao kwao ni mabaki tu au haupo kabisa. Ndiyo maana watu wawili wakifanyiwa kazi ile ile, mmoja huona tabasamu lake limebadilika na mwingine haoni chochote.

Daktari anapofika kwenye kijifupa cha chini ili kuikalisha nguzo katikati, hupita jirani kabisa na msuli huo, na wakati mwingine sharti aulegeze. Mahali hapo huvimba. Mdomo wa juu huwa mzito, na mgonjwa akijitazama kwenye kioo wiki ya pili huona tabasamu limekuwa dogo, katikati limekakamaa, na meno ya juu hayaonekani yalivyokuwa yakionekana. Wengine hugundua kwamba pua yao haishuki tena wanapocheka. Lakini mtambo mkuu wa kucheka haujaguswa. Mfaransa Duchenne alionyesha mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli hutoka kwenye misuli ya mashavu inayoinua pembe za mdomo, pamoja na misuli inayozunguka macho. Misuli hiyo na neva zake hupita mashavuni, mbali na kisu cha ukuta wa pua. Kilichokakamaa ni kipande cha katikati, na kwa walio wengi hulegea kadiri uvimbe unavyoshuka, katika wiki kadhaa hadi miezi michache.

Jambo jingine linalowashtua watu ni meno. Neva nyembamba hushuka ukutani na kupenya kwenye kitundu cha mfupa, nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu. Kazi inapofanyika karibu na sakafu ya pua, neva hiyo huguswa, na meno na ufizi wa nyuma yake hufa ganzi. Mtu anauma embe na anahisi meno si yake. Hili nalo, kwa wengi, hurudi katika wiki au miezi michache. Daktari anayelitaja kabla ya upasuaji amemwondolea mgonjwa wake usiku mwingi wa mashaka.

Fundi mzuri huonekana pia namna anavyofunga. Zamani pua ilijazwa shashi mpaka ikatuna, na kuivuta siku ya pili au ya tatu ilikuwa mateso ambayo waliopitia hawajayasahau. Leo madaktari wengi hushona tando mbili kwa uzi unaoyeyuka, mshono ukipita upande huu na kurudi upande ule, ili pasibaki nafasi ya damu kujikusanya. Wengine huweka vibao laini vya silikoni pande zote mbili na kuvitoa baada ya takribani wiki moja. Nguzo ya mbele hufungwa kwenye kijifupa chake kwa mshono mmoja wenye nguvu. Mshono huo ukikaa sawa, ncha husimama ilipokuwa. Ukilegea, pua hurudi upande wake wa zamani, na hapo kazi ya saa nzima imepotea kwa fundo moja.

Baada ya hapo ni subira. Wiki za kwanza hupumui vizuri kuliko mwanzo, pengine hupumui kabisa, kwa sababu ya uvimbe na maganda ya damu. Usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili hivi. Ukipiga chafya, fungua kinywa. Lala kichwa kikiwa juu, suuza kwa maji ya chumvi kadiri ulivyoelekezwa, na bahari uiache kwanza, hata kama nyumba yako inatazama Shelly Beach. Aspirini usinywe bila ruhusa. Mwenye udhu ajue kwamba kupandisha maji puani ni sunna katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani, kwa hiyo anaweza kuiacha mpaka apone na udhu wake ukasihi. Sajda nayo huinamisha kichwa na kuikandamiza pua, na sheria imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi. Muulize daktari wako ni siku ngapi, kisha muulize sheikh wako, na majibu yao hayatagongana.

Sura ya nje inahitaji subira kubwa zaidi. Upasuaji wa ukuta peke yake haukusudii kuibadilisha pua kwa nje. Hata hivyo, ukuta uliokuwa umeisukuma ncha upande mmoja ukirudishwa katikati, pua huonekana imenyooka, na ndugu huanza kuuliza umefanya nini. Ncha inaweza kuonekana nene, ngumu, au imeinuka kidogo kwa miezi kadhaa, na kwenye ngozi nene masalio ya uvimbe yanaweza kufika mwaka. Pua iliyopinda tangu kwenye mfupa wa juu haitanyooshwa na kazi hii. Hiyo ni kazi nyingine, ya nje na ndani kwa pamoja, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo mapema. Vijana ambao hawajamaliza kukua mara nyingi huambiwa wasubiri, kwa sababu gegedu hilo ndilo linaloisukuma pua ikue.

Yapo mabadiliko ambayo si ya kusubiri. Mgongo wa pua ukianza kubonyea, pua ikitoa maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa ikipanda, maji mepesi meupe yakidondoka upande mmoja kila unapoinama, au pande zote mbili zikiziba ghafla kwa uvimbe mwekundu laini, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na tabasamu likiwa bado halijarudi baada ya miezi sita, nenda na picha zako za zamani, ukae na daktari mzilinganishe.

Kwa anayejiandaa, maswali yafaayo ni machache. Ukuta wangu umepindia wapi? Utaondoa nini, na utaacha nini? Utaugusa ukingo wa mbele na kile kijifupa cha juu ya mdomo? Tabasamu na meno yangu yatakuwaje wiki za kwanza? Uliza pia mapema bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia kiasi gani. Daktari anayejibu swali la pili kwa utulivu, akakuchorea kwenye karatasi kanda mbili atakazoziacha, huyo amefundishwa vizuri. Hukumu yangu kuhusu kazi yake ni hii: mwaka mmoja baadaye hewa ikiwa inapita pande zote mbili, na watoto wako wakikuona unacheka vile vile, basi amefaulu, na anastahili shukrani ambayo wagonjwa wengi husahau kuitoa kwa sababu hawaoni alama yoyote ya kuwakumbusha.

Kwa mzazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, nina ombi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto akipigwa puani, hata kama damu imekata na pua haionekani kuvunjika, apelekwe akaangaliwe ndani siku hiyo, na arudishwe pua ikizidi kuziba. Damu inaweza kujikusanya kati ya gegedu na utando wake. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na utando huo, na likitenganishwa nao hufa ndani ya siku chache, 3 au 4 tu. Kuitoa damu hiyo ni kazi ya dakika chache kwa daktari aliyepo, na mtoto hubaki na pua yake mwenyewe.